Shemeji Yangu wa Mtiki

Nilikuwa nimelala chali mbele ya lifti, na juu yangu imelala sanamu yenye meno, mdomo umeachama kama wa mtu anayesubiri tonge. Mkono wangu wa kulia ulikuwa chini yake. Meneja wa jengo akatoka ofisini mbio, akainama.

"Kuna kilichovunjika?"

"Ndiyo, sir. Nadhani bega."

"Nakuuliza sanamu."

Sanamu ilikuwa imepasuka sikio. Bega langu lilipasuka zaidi, ila bega halikuwa mali ya mwenye jengo.

Nirudi nyuma, maana mtu akisikia niliangukiwa na sanamu Dubai hucheka kwanza, wala simlaumu. Lingekuwa bega la mwingine, ningecheka mimi.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, kila pembe ya mji inaota mnara wa vioo, mimi nilikuwa natur, yaani mlinzi na mfagiaji, wa jengo moja kuukuu pale Oud Metha. Mwenye jengo wa kwanza, walivyosimulia wapangaji wa zamani, alipenda mambo ya visiwa vya Polinesia, huko Pasifiki. Alifika au aliviona kwenye kalenda, sijui. Ukumbi wa chini aliujaza mianzi, akajenga ukuta wa mawe meusi uteremshe maji, na siku zangu haukuteremsha hata jasho. Juu ya meza yangu akaezeka makuti ya plastiki. Kwetu Tanga mtu akishika hela kidogo anang'oa makuti anapiga bati. Mimi nikavuka bahari kwenda kukaa chini ya makuti, tena na sare na kofia. Taa zilikuwa samaki bunju waliokaushwa, wamevimba, balbu tumboni. Bunju ana sumu, kwetu hata paka mwenye akili hamgusi. Mimi niliwafuta vumbi kila asubuhi na kuwasalimu.

Kando ya lifti ndipo iliposimama sanamu, ndefu kuliko mimi, mgongoni imefungwa mnyororo ukutani. Kwa kuwa mimi mweusi na yenyewe ina pua pana, wapangaji waliamua sisi ndugu. Fundi wa matengenezo, mtu wa Mombasa, akazidisha, akaniozesha kabisa dada wa sanamu. Akipita tu: "Shemeji yako amenuna leo. Umemnyima chai?"

Kulikuwa na madam mmoja wa ghorofa ya tatu aliyekuwa na ugonjwa wa majengo ya namna hiyo. Ijumaa alinichukua nibebe ngazi na begi la kamera, tukatafute mengine. Deira tulikuta mkahawa uliofungwa, viti vya henzirani na mtumbwi umening'inia darini. Mtaa wa nyuma yake, jengo lenye milango ya nyuso za kuchonga, natur mwenzangu akatufukuza kwa fagio. Al Qusais tuliingia ghala la vitu vya majengo yaliyobomolewa, sanamu zimelazwa chini kama wagonjwa waliokosa vitanda. Kila mahali madam aliniuliza mimi: hii ni ya zamani kweli? Na mimi, darasa la nne nililoliacha katikati, nilikuwa nagonga kwa kidole, natega sikio, nasema ya zamani hiyo. Nilijiona profesa.

Sanamu zote yeye aliziita tiki. Nikajua anasema mtiki, ule wa mbao ngumu, ila ulimi wa kizungu umemeza herufi. Basi nikawatangazia wapangaji kwamba shemeji ni mtiki safi, mchwa hamuwezi. Nikawa namsugua mafuta ya mbao. Mafuta yalikuwa hayaingii, yanateleza tu mpaka sakafuni. Nikasema mti mzuri hunywa taratibu.

Ndipo meneja alipotaka ukumbi ung'are. Mnyororo ule, alisema, unatia aibu, wateja watadhani wanapanga jela. Nikamwambia sir, hii ni nzito. Akasema ukatwe leo, fundi atatia skrubu, khalas. Fundi akaja na drili.

"Kaka, hili dude ni mti ama ni nini?"

"Mtiki."

"Basi. Mti unashika skrubu."

Akatia fupi, ndizo zilizokuwa mfukoni. Vumbi lililotoka lilikuwa jeupe kama unga. Tuliliona wote wawili. Yeye akalipuliza, mimi nikalifagia.

Ijumaa iliyofuata madam alitaka picha. Simama naye, akasema, mkumbatie. Nikatupa mkono begani mwa shemeji, nikacheka meno yote. Shemeji naye akanijia. Ndani yake hakukuwa na mti wowote. Ilikuwa simenti tupu, juu imevikwa gamba la plastiki ngumu lililopakwa rangi ya mbao.

Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo mkono haupiti sikio, shati navalishwa kama mtoto anayepelekwa jando. Meneja aliwaambia wote natur ndiye aliyesema mti. Fundi akasema hivyohivyo, akarudia kwa Kiarabu lisije likapotea. Madam alilia, akaniletea maua na ile picha. Ukiitazama haraka hujui sanamu ni nani. Mkataba ulipokwisha haukuandikwa mwingine, nikarudi Tanga na bega langu.

Haya. Upumbavu wa neno ni wangu, kumbe tiki ni jina la sanamu za visiwa vile, si la mti, nimeulipia. Fundi wa Mombasa, vumbi jeupe uliliona, hilo lako. Madam, "mkumbatie" ilitoka kinywani mwako. Lakini sanamu ile ilisimama pale miaka mingi kabla sijafika, na haikumwangukia hata paka, kwa sababu ilikuwa imefungwa. Bwana meneja, siku ile ulikuwa wa kwanza kuuliza, ukauliza sikio la simenti. Leo nauliza mimi. Nani aliagiza mnyororo ukatwe? Jibu wewe mwenyewe, usimtume fundi.