Robinet ya douche ilitaka kunifukuzia mama mukwe

Wakuu, salamu kutoka Masisi centre. Hii ilitokea kwangu mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Bibi yangu alizaa kwa operesheni. Munganga akakataza asiiname, asiinue hata ndoo. Mimi niko mwalimu, asubuhi yote niko darasani. Basi mama yake akatoka Lushebere kuja kutusaidia, akasema atabaki mwezi muzima. Nilipumua, kweli.

Siku ya ine namukuta mama mukwe anapanga bitenge vyake mu saki, mufuko wake wa safari, pale mulangoni. Eti kesho anarudi, shamba inamuita.

Bibi analia. Mama akienda, nani atabeba maji, nani ataosha mutoto? Mimi kimoyomoyo nimekasirika. Kitanda kizuri tumemupa, sombe, majani ya muhogo, anakula, sasa nimemukosea nini?

Mama alipotoka uani, bibi akaniambia: "Mama hajaoga tangu afike. Ni robinet yako."

Niwaeleze hiyo robinet, bomba ya maji mu chumba cha kuogea. Ilikuwa inavuja mwaka muzima. Kuifunga, lazima pince, ile koleo ya fundi, na ni mimi peke yangu nilijua kuikaza. Ukiiacha, citerne, tangi yetu ya maji ya mvua, inaisha. Kwa hiyo mutu akimaliza kuoga anaita tu, "Mwalimu, kuya ufunge!" Naingia, nakaza. Tulishazoea, hata wageni walikuwa wanaita.

Lakini mama mukwe, jamani? Aoge, halafu aite mukwe wake aingie nyuma yake, povu bado iko chini? Kwetu haifanyike. Mimi hata kupita mbele yake naangalia chini. Na bibi na kidonda chake hawezi kukaza. Mama wa watu alikuwa ananawa uso tu na kikombe.

Haya ilinishika mpaka masikio.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikamwambia bibi amuzuie mama mpaka saa sita. Mbio kwa papa mumoja, mzee wa Butembo anauza vyuma pale soko. Akacheka kidogo: "Mwalimu, pince yako njo inakula joint. Funga maji ya citerne kwanza, ndipo ufungue."

Joint ni kale kampira ka ndani. Akanipa kapya.

Sasa mimi na haraka yangu, nikafungua robinet, citerne nimeisahau. Maji ikanipiga kifua, shati ya kazi na yote! Nikasikia mama mukwe anacheka kule salon, chumba cha wageni. Mara ya kwanza tangu afike.

Nikafunga citerne, nikaanza upya. Joint ya zamani ilikuwa imebaki kama ganda ya maharagi. Nikaweka mupya, nikafungulia maji, nikakaza na mukono tu.

Tone moja. Ya pili. Basi.

Nilikaa juu ya ndoo, karibu nilie kwa furaha. Halafu nikaenda kwa jirani kusudi, mama asifikiri niko namusikiliza akioga.

Kurudi, saki haiko tena pale mulangoni. Mu douche, karibu na sabuni yangu, kuna kipande ya sabuni yake ya bluu. Mama ameoga, na anabaki.

Nilichojifunza: kitu kibovu tukishakizoea, hatuoni tena kama kinatesa mutu mwingine. Mwaka muzima nilijiona fundi, kumbe nilikuwa nimefungia mama wa watu maji.

Haya wakuu, kwenu kuna kitu gani ambacho papa peke yake njo anajua kukifunga? Semeni hapa, musione haya.