Mwezi wa Saa Moja na Nusu

Resian hakuwa mtu wa kuchezewa. Upande ule wa Kitengela, nyuma ya machimbo ya mawe, watu walimjua kwa mambo mawili: rungu lake na mwezi wake. Rungu alilitumia kwa fisi, kwa mbwa koko, kwa mwizi mmoja wa mbuzi aliyeondoka taya limevunjika, na, tuseme ukweli, hata kwa mumewe, Kuntai. Kule kwao mwanamke kumpiga mume ni habari ya kunong'onezana. Lakini mwaka mmoja kabla ya mambo haya Kuntai alirudisha kondoo jioni akaacha wanne nje ya boma, karibu kabisa na lango, fisi wakawamaliza. Resian akamtandika mgongoni mpaka majirani wakaja kumshika. Hakuomba msamaha. Alisema kondoo nao hawakuombwa msamaha na mtu.

Mwezi nao aliufanya kazi. Kila jioni, hata Julai baridi inapouma mifupa, alijifunga shuka mbili akakaa nje juu ya mtungi wa plastiki, macho angani. Alikuwa ameng'amua zamani kwamba fisi wa machimboni hawapendi mwanga. Mwezi ukiwa mpevu wanalala njaa. Siku mbili tatu baadaye, mwezi unapoanza kuchelewa, kunakuwa na giza kati ya jua kuzama na mwezi kuchomoza, na katika giza hilo wanatoka na njaa yote ya siku zile. Basi akatoa amri: siku hizo hakuna kuvuka mbuga kabla mwezi haujatoka. Hata vijana wa machimboni walimpigia simu kumuuliza, "Mama, leo inatoka saa ngapi?" Aliwajibu kwa dakika, na hakuwa akikosea.

Mwaka wa 2018, mwezi ulipopatwa Julai ukawa rangi ya damu, anga ilijaa taa. Zuhura, ambayo Wamaasai huiita Kileken, ilining'inia magharibi. Mshtarii ilikuwa juu utosini. Mashariki ilipanda Mirihi, nyekundu na kali, maana mwaka huo sayari hiyo ilikuwa imesogea karibu na dunia. Resian alizitazama zote, lakini alioungoja ni mwezi.

Siku ya tatu baada ya kupatwa huko, Kuntai alikuwa ameenda Bisil kutazama fahali. Saa moja na nusu jioni simu ya Resian ikalia; alikuwa yeye.

"Mama Timothy, gari imenishusha hapa stage. Nakuja."

"Kaa hapo dukani. Mwezi bado."

"Mwezi imetoka. Si naiona? Iko hapa mbele yangu, kubwa, nyekundu."

Resian alitazama mashariki. Mwezi ulikuwa na zaidi ya saa nzima kabla ya kutoka. Kulikuwa na Mirihi peke yake, nukta moja juu ya vumbi la machimbo.

"Umelewa wewe?"

"Hata chai sijakunywa. Nimeshatoka, natembea."

"Baba Timothy, hiyo ni nyota! Nyota tu! Rudi!"

"Nyota gani iko kubwa kama sufuria?" Kuntai akacheka, na simu ikazima.

Resian alibaki ameishika. Nyota kubwa kama sufuria. Ndipo mambo yalipomjia kwa pamoja: Kuntai kuhesabu mbuzi kwa kuwapapasa migongo, Kuntai kumwaga chai kando ya kikombe, Kuntai kumsalimia punda wa jirani yao Mutunga kwa heshima zote, watu wakafa kwa kicheko wakidhani ni mzaha wake. Na wale kondoo wanne. Haoni, alijiambia. Mume wangu haoni, na yuko huko gizani.

Akachukua rungu na tochi, akampigia kelele Mutunga, mvunja mawe, naye akatoka na nyundo yake ya kazi. Wakakimbia.

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Fisi anapokula hucheka, na hao walikuwa wakicheka. Tochi ikamulika watatu. Mmoja alikuwa amemshika Kuntai mguu chini ya goti, anamburuta kwenye changarawe. Wa pili alikuwa akirukia mkono. Kuntai alikuwa akipiga kwa fimbo yake, anapiga kwa nguvu zake zote, ila alikuwa akipiga jiwe. Fisi alikuwa upande huu, fimbo ikitua upande ule, tena na tena, huku akiita jina la mkewe.

Resian hakusimama kufikiri. Pigo la kwanza lilimvunja fisi uti wa mgongo. Akaangukia matako, bado ameng'ang'ania mguu, bado anatafuna. Resian akampiga kichwani mpaka fuvu likalainika chini ya rungu, na hata alipokufa taya halikuachia. Ikabidi Mutunga aingize mpini wa nyundo katikati ya meno alibanue, na Kuntai akapiga ukelele uliosikika hadi machimboni. Yule wa pili alimvamia Resian, akamrarua bega. Nyundo ya Mutunga ikampata fisi huyo mbavuni, mbavu zikasikika zikivunjika, akafa hapo hapo. Wa tatu akatoroka. Hata baada ya hapo Resian aliendelea kupiga mizoga, damu ikimrukia usoni, mpaka Mutunga akamshika mikono.

"Basi, Mama Timothy. Wamekufa. Tufunge huyu mzee mguu."

Wakaufunga kwa shuka. Lori la kubeba mawe kutoka machimboni liliwafikia mwezi ukichomoza. Kuntai akageuza uso.

"Hii ingine ni gani? Mbona ziko mbili?"

Wakampandisha garini.

Huko hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Daktari alimpima macho pia, akamwambia Resian kwamba ni mtoto wa jicho, katika macho yote mawili, tena wa miaka kadhaa. Upasuaji wake ni wa nusu saa. Angeletwa mapema, angekuwa anaona mpaka punje ya mchele.

Resian alirudi wodini amefura. Nusu saa! Mguu mzima wa mtu umeenda kwa kitu cha nusu saa!

"Kwa nini hukuniambia?"

Kuntai alielekeza macho yake yenye ukungu darini. Alikuwa amekonda, na jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji la uso. Hasira zikamtoka Resian, huruma ikamwingia. Akainua mkono amfute jasho.

Kuntai aliona kivuli cha mkono kinakuja. Akajikunja upesi, akafunika kichwa chake kwa mikono yote miwili, mirija ya dawa ikavutika, na akasema kwa sauti ndogo, "Usinipige, Mama Timothy. Sitaacha kondoo tena."

Resian aliurudisha mkono wake mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliona aibu, akakaa nayo hapo kitandani bila kujua pa kuiweka.