Kumtafuta Baldoretti wa Kwanza

Niliondoka Msambweni kwa ajili ya dada yangu Mwanasha, aliyekuwa karibu kukosa mume kwa sababu ya Mtaliano ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Baba yetu anaitwa Baldoretti. Salim wa Mkwiro, anayetaka kumuoa Mwanasha, naye ni mtoto wa Baldoretti. Kila mzee hujigamba kuwa jina hilo amerithi kwa nahodha Mtaliano aliyevunjikiwa na meli pwani hii, akaacha damu. Ugomvi ukawa nani tawi kubwa la ukoo. Baba wa Salim akakataa kuleta posa. Alitaka Baba, kama tawi dogo, amfuate Mkwiro. Baba akaapa kuwa posa itakuja kwake au Mwanasha atazeekea jikoni. Mwanasha akaacha kula. Nikatumwa nikatafute asili ya jina, na Baba akanionya nirudi na jibu zuri.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Galu, nilikosikia kuwa jina hilo limeenea. Hadi adhuhuri nilikwisha kukutana na akina Baldoretti watatu: muuza madafu, fundi wa mabomba na mwalimu wa madrasa. Wote weusi kama mimi, na wote walikuwa na nahodha wao. Nikaanza kumhurumia nahodha kwa kazi aliyoifanya.

Mwalimu akanipeleka kwa Bi Mwanakombo, aliyefua mashuka ya hoteli tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Baada ya kuamkiana nikamweleza shida yangu.

"Nahodha gani?" akacheka. "Baldoretti alikuwa mpishi mkuu wetu. Bahari yenyewe akiiogopa."

Wafanyakazi walimweleza kuwa huku kwetu mtoto akipewa jina lako huwa ni somo wako, na somo hutunzwa. Mzungu akafurahi mno. Mzazi wa kwanza akapewa gunia la mchele na mapumziko ya wiki nzima.

"Mwaka ule, mwanangu, hakuzaliwa Juma wala Athumani tena. Babu yako na babu yake Salim walikuwa wakisugua masufuria pamoja. Wake zao walijifungua mwezi mmoja."

"Na yeye Mtaliano aliacha mtoto?"

"Hakuacha hata wa kusingiziwa."

Niliona aibu, maana mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia watalii Wataliano wa Diani kuwa sisi na wao ni jamaa.

Alasiri nilipanda mashua Shimoni hadi Mkwiro. Baba wa Salim alikuwa akipaka mlango rangi. Nilipomaliza kumsimulia, aliweka brashi chini.

"Nani mwingine ajua?"

"Bi Mwanakombo na mimi."

"Babako je?"

"Bado."

"Basi asijue. Mwambie Ijumaa naleta posa mwenyewe."

Kesho yake nilirudi Msambweni, nikamweleza Baba yote, ila sikumwambia kuwa mwenzake amekwisha kujua. Nilikuwa nikimfikiria Mwanasha.

"Usithubutu kumwambia yule wa Mkwiro," Baba alisema. "Akitaka ukubwa, mwache awe mkubwa."

Nilijifunza kuwa kuipata asili ya jina ni kazi ya siku moja. Wa kuitaka ndiye asiyepatikana.

Ijumaa baada ya swala, wageni walipiga hodi. Baba akatoka mbio kuwapokea. Wazee wale wawili, waliozaliwa mwezi mmoja, wakainamiana na kutamka kwa pamoja, "Shikamoo!" Hakuna aliyethubutu kujibu. Wakabaki wameinama vivyo hivyo, hadi Mama alipotoka jikoni akawaitikia wote wawili: "Marahaba."