Kwa Wazima

Juzi darasani Jinja, mwalimu wetu wa Kigiriki cha kale aliandika ubaoni kitenzi cha kukumbuka. Umbo lake, alisema, ni la jambo lililokwisha kutendeka, lakini maana yake inaendelea hadi sasa. Nikasikia harufu ya mahindi ya kuchemsha.

Nilipokuwa mtoto, kanisani kwetu Namatala, Waorthodoksi tulikosa ngano ya kuchemsha ya kuwaombea wafu, hivyo akina mama walichemsha mahindi ya Busiu wakayanyunyizia sukari. Padri alitaja majina akimwomba Mungu awakumbuke wenye majina hayo. Mimi nilidhani Mungu ni msahaulifu, na kwamba akikumbushwa mtu, humrudisha nyumbani. Basi nikamnong'oneza padri jina la baba, askari aliyepelekwa kaskazini na habari zake zikakatika.

Padri akamgeukia mama. "Mama, huyu afande nimtaje wapi? Kwa wazima ama kwa wafu?"

Nzi walitua kwenye sukari. Mama hakuwafukuza.

"Kwa wazima, Baba."

Sasa najua kwa nini alikawia kujibu. Jumapili nilimpeleka kanisani. Amezeeka, na padri ni mwingine. Naye aliuliza swali lilelile kuhusu baba.

Safari hii mama hakukawia.

"Kwa wazima."