Ukoo wa Alkoli

Kaka yangu Zéphirin alikuwa na ugonjwa wa kupanga vitu kwa ukoo. Alirudi Kabambare mwaka wa hamsini na moja, ametoka shule ya wauguzi ya Serikali, na kichwa chake kimejaa kemia. Watu wakaanza kumwita Munganga, yaani daktari. Mama yetu alisema amezaa mtoto anayesoma mpaka ndani ya chungu, maana hakikupikwa kitu nyumbani ambacho Zéphirin hakukitolea somo.

Mawese yakichemka, atasema: "Cécilia, hayo ni asidi zimefunga ndoa na glisirini." Ndizi ikiiva: "Unasikia harufu? Hiyo ni esteri. Asidi ameoa alkoli, mtoto wao ndiye ananukia." Mtu akiumwa na wale chungu wekundu tunaowaita majimoto, Zéphirin hampi pole, anamwambia sumu ile ni asidi, ukoo mmoja na siki. Aka! Mtu analia na mguu wake, wewe unamwambia habari za siki. Nilimcheka sana. Leo sicheki.

Jumapili baada ya misa walikuja kwetu wanaume waliotaka kuingia uuguzi. Zéphirin alichukua kipande cha mkaa jikoni, akachora ukutani, na Mama akanuna kwa ajili ya ukuta wake. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa, vigumu, wanafunzi wanasinzia. Basi akawafundisha kwa njia ya kwetu sisi Wabangubangu.

"Kila kitu kilichotoka kwa kiumbe kina mwili wa kaboni," alisema. "Kaboni zinashikana mikono. Kuna mnyororo mrefu, kuna mfupi, kuna zinazocheza duara. Huo ni mwili tu. Kama unatafuta ukoo, tazama mwishoni ameshika nini. Ameshika oksijeni moja na hidrojeni? Huyo ni alkoli. Ameongeza oksijeni nyingine? Huyo ni asidi. Awe mrefu awe mfupi, ukoo ni ule ule, na tabia za ukoo anazo."

Gaston naye alikuwa akisikiliza. Huyu ni mdogo wake Zéphirin anayemfuata, mimi nikiwa kitinda mimba. Gaston alikuwa seremala kwenye karakana ya kampani ya pamba, kazi yake kung'arisha meza za Wazungu kwa vanishi. Mikono yake ilinuka vanishi hata mbele ya padri.

"Yaya," akauliza, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "na ile maji nayeyushia vanishi? Iko ukoo gani?"

"Alkoli pia. Ile ni alkoli ya miti, ina kaboni moja. Ile ya pombe yetu ya lutuku ina mbili. Mutu na mudogo wake, tumbo moja."

"Kumbe! Siku nzima niko nashinda na mudogo wa lutuku, na nyinyi hamuniambie!"

Tukacheka wote, na Zéphirin alicheka kutuzidi, kwa raha ya mwalimu aliyeeleweka. Kwamba ile ya miti ni sumu, hakusema. Kwake hilo lilikuwa somo jingine, la dawa na sumu, na siku ile walikuwa kwenye somo la koo. Ee Mungu wangu, neno moja tu angeongeza.

Maana kwetu baba mdogo ni baba. Siku ya mahari, baba asipokuwepo, mdogo wake anakaa kitini, anapokea, anajibu, na hakuna anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Mtu akifa, mdogo wake ndiye anayeingia mahali pake. Ukimwambia Mbangubangu kwamba hawa wawili ni mtu na mdogo wake, umeshamwambia kwamba mmoja akikosekana, mwingine anatosha.

Mwaka uliofuata baba yetu akafa, na siku ya kuondoa matanga ikakaribia. Matanga bila lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, ni aibu ya ukoo mzima. Serikali ilikuwa imeikataza, lakini watu walipika porini kama kawaida. Sasa wiki zile polisi walipita wakijifanya wanunuzi. Aliyewauzia alifungwa. Mitungi ilivunjwa, wanawake wawili wa mtaa wetu wakapelekwa gerezani Kasongo. Kila tulipouliza, jibu likawa moja: hakuna.

Zéphirin hakuwepo, alikuwa Wamaza akipima watu ugonjwa wa malale. Mzigo wote ukawa wa Gaston. Hakulala kwa mawazo. "Wazee watasema watoto wa marehemu walimuondolea baba yao matanga kwa chai," aliniambia. Kisha asubuhi ya siku yenyewe akaja anatabasamu, na kopo la karakana mkononi. Alilichanganya na maji ya mananasi na asali. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Yaya mwenyewe alisema, tumbo moja. Mukubwa hayuko, mudogo atakaa."

Desturi yetu, mwenye kutoa kinywaji anakunywa kwanza, wageni waone hakuna sumu. Gaston alisimama mbele ya wazee, akanywa kikombe kizima, akakigeuza chini juu wakaona halijabaki tone. Baba mdogo Raphaël akapokea cha kwake, akaonja, akatema.

"Hii inanuka kabati," alisema, na watu wakaangua kicheko.

Gaston aliona aibu mpaka nikamhurumia. Ili kuwaonyesha kwamba ni kinywaji cha watu, akanywa tena, na tena. Wazee hawakugusa. Walikunywa tembo, ile pombe nyepesi ya mchikichi, wakaenda zao wakinung'unika.

Kesho yake kichwa kilimuuma, tumbo likamkata, tukasema ni uchovu wa pombe. Mchana alikuwa amekaa kizingitini, jua linampiga usoni. Akaniita.

"Cécilia, mbona mumefunga mulango?"

Nilipiga kelele, Mama akatoka mbio.

Zéphirin alifika alasiri hiyo hiyo, vumbi la Wamaza bado miguuni. Alinusa kopo, akakaa chini kwenye udongo. Halafu akainuka na kuanza kusema haraka haraka: ile alkoli, ikiingia mwilini, inageuka kuwa asidi, ile ile ya majimoto, na inaanza na macho. Magadi ya zahanati yatasaidia kidogo. Dawa yenyewe ni lutuku. Mwili ukipewa mkubwa, unamshughulikia mkubwa kwanza, na mdogo anatoka polepole kabla ya kugeuka.

"Nitafutieni lutuku! Ya kweli! Sasa hivi!"

Tembo tulilijaribu. Ni jepesi, ilibidi anywe vibuyu kwa vibuyu, na lote alilitapika. Basi Zéphirin akatoka nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake. Kati yetu hakuna aliyekumbuka, hata mimi, kwamba alikuwa bado amevaa sare na kofia ya Serikali.

"Hodi. Mama Régina, nipe lutuku, naomba. Gaston anakufa."

"Lutuku, Munganga? Sisi Wakristo."

"Ni dawa!"

"Mutu anauawa na pombe, wewe unamutafutia pombe? Mwanangu, usitutege. Hakuna."

Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu wakafunga mlango tulipokuwa tunakuja. Akapiga magoti uani kwa watu, mtu mzima mwenye cheo chake, na watu wakatazama pembeni. Alikwenda hadi kwa Mzungu wa posta, mkuu wa kituo cha Serikali, aliyekuwa na chupa zake kabatini, akarudi mikono mitupu. "Sheria," alisema. Mtu mweusi hapewi pombe kali.

Gaston alikuwa akihema kama aliyekimbia. Alisikia sauti ya kaka yake, akapapasa mpaka akampata mkono.

"Yaya, nilikosa wapi? Si ulisema tumbo moja?"

Alfajiri Gaston akatutoka.

Mchana tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na Baba. Na majirani wakaja, maana msiba ni msiba, na mtu haendi msibani mikono mitupu. Kila mwanamke alitoa chupa ndani ya kitambaa chake. Zikapangwa mkekani, nyeupe, safi, lutuku tupu. Nilitaka kuzipiga teke zote. Mama Régina alimimina kikombe, akampelekea Zéphirin.

"Pole, Munganga. Kunywa, moyo utulie."

Zéphirin alikinusa kile kikombe kwa muda mrefu.

"Mama, hii ilikuwa kwako jana?"

Mama Régina akaanza kulia. "Jana ulikuja na kofia, mwanangu."

Zéphirin akaenda kaburini. Alipiga magoti upande wa kichwa cha Gaston, akamimina kikombe chote kwenye udongo mbichi, akanyoosha mkono aletewe kingine. Wakampa. Akamimina. Wakampa tena, na hakuna aliyethubutu kumzuia, mpaka chupa zote zikaisha.