Kanyaga, Baba

Kwa miaka mitatu gari letu lilikuwa likivuta kulia kila nilipokanyaga breki, na kila nilipomlalamikia mume wangu alinijibu kwamba nakanyaga kwa hasira. Hasira sikuikataa, ninayo. Lakini hasira haichagui kulia wala kushoto. Kila asubuhi nilitoka nyumbani, pembeni mwa Katoro, kwenda shule ninayofundisha kwenye barabara ya Ushirombo, watoto wangu wawili wakiwa kiti cha nyuma, na njia nzima mguu wangu ulikuwa unatafuta breki hata pasipo na kitu mbele.

Gari lilikuwa la baba mkwe. Alikuwa dereva wa malori ya pamba enzi za nguvu zake, na macho yalipoanza kumsumbua akamkabidhi mwanawe funguo. Mume wangu anafanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa Bulyanhulu, anakaa kambini siku kadhaa kwa zamu, hivyo usukani ukawa wangu. Kila nilipowasha gari, baba mkwe aliinuka kwenye kiti chake mlangoni na kusimama wima mpaka tutoke nje ya lango na kushuka kuelekea daraja la bondeni. Jioni tukirudi, anasimama tena. Niliamini anaona uchungu kuliona gari lake mikononi mwa mwanamke, na jambo hilo nililinunia kimoyomoyo miaka mitatu.

Kumuuliza sikuweza. Kwetu Wasukuma, mke wa mtoto na baba mkwe wana mpaka wao. Namsalimia nimepiga magoti, macho chini, naye anaitikia akitazama kwingine. Hatuli pamoja, hatupandi gari moja. Hata chumvi ikizidi kwenye mboga, taarifa naletewa na mjukuu.

Siku moja ya mnada, pikipiki yenye magunia mawili ya mchele ilinikatiza ghafla. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Gari likageuza pua kulia, moja kwa moja kwenye njia ya lori lililokuwa linakuja. Lori liling'oa kioo changu cha pembeni likapita, basi. Mwanangu mdogo aliuliza kama tumegongwa, nikasema hapana, nikashuka kukiokota kioo.

Fundi wangu wa mjini alifungua gurudumu la nyuma kushoto, akaniita nione.

"Mwalimu, hili halina breki," alisema. "Mrija wa mafuta umekunjwa ukapondwa kwa nyundo. Watu hufanya hivi silinda ikivuja, wapate kufika. Tazama kutu. Hii ni ya miaka."

Watu hufanya hivi. Na gari lile halikuwahi kuwa na mtu mwingine kabla yetu isipokuwa mmoja. Nilirudi nyumbani mwendo wa kobe, nikamsalimia kwa magoti kama kawaida, na usingizi nikaukosa kwa hasira.

Jumamosi fundi alikuja nyumbani, akafunga silinda mpya na mrija mpya. Ilibaki kutoa upepo ulioingia kwenye mirija ya breki tu. Simu yake ikalia. Rashi: dhahabu imeonekana kwenye shamba la mtu upande wa Bukombe, watu wanakimbilia. Akadandia pikipiki, spana zake ameziacha kwenye vumbi. Alisema akirudi tajiri atakuja kumalizia. Nikapiga simu kwa mafundi wengine watatu. Wote walikuwa wanatafuta usafiri wa kwenda huko huko. Simu ya mume wangu haikupatikana. Na Jumatatu watoto walikuwa na mtihani.

Sasa, kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine analala kwenye gurudumu na spana. Wa chini ndiye anayeamuru: kanyaga, shikilia. Analegeza skrubu, mafuta yanatoka na mapovu, anakaza, ndipo anasema achia. Wasipoelewana, upepo unarudi ndani. Watoto walikuwa kwenye mafundisho ya komunyo, mimi nilikuwa mmoja. Nilikanyaga, nikakimbilia gurudumu, nikarudi, nikakimbia tena. Nilitoa jasho, upepo ukabaki palepale.

Nilikuwa nimelala ubavu vumbini niliposikia mlango wa dereva unafunguliwa. Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha zamani, uso mbele, fimbo ameiegemeza mlangoni.

"Sema," alisema.

"Naomba ukanyage, baba."

Akakanyaga.

"Naomba ushikilie, baba, samahani."

Mpaka namaliza kuomba, mguu wake ulikwishaachia na upepo umerudi. Tukaanza upya, tukaharibu tena. Mara ya tatu akakohoa.

"Mayu," alisema, kama tunavyomwita mama kwa heshima, "sema kanyaga. Breki haijui shikamoo."

"Kanyaga, baba."

Akakanyaga.

"Shikilia. Achia."

Tukapata mwendo. Mapovu yalitokea kwenye chupa niliyoitegeshea mafuta, makubwa, kisha madogo. Naye akaanza kuzungumza, macho yakiwa bado mbele.

"Mrija ule niliuzibisha mimi. Silinda ilikuwa inavuja na mama yenu yuko hoi, nikamwambia fundi auponde tuwahi hospitali. Tuliwahi. Baada ya mazishi sikutaka hata kuligusa gari."

"Shikilia," nilisema.

"Macho nayo yakaanza kunisumbua, nikampa mwanangu funguo. Nikasema nitamwambia kesho. Kisha nikaona ni wewe unayeendesha. Mkwe wangu, nimempa gari bovu. Nikaona aibu."

"Achia." Nikafuta mafuta kwenye skrubu. "Na watoto je, baba?"

Sikujua kama nimelisema kwa sauti mpaka pedali ilipotulia.

"Ndiyo maana nasimama," alisema. "Nasikiliza mpaka mvuke daraja."

Angeweza kumwambia mwanawe. Hilo sijamsamehe mpaka leo, na sijui kama nitamsamehe. Lakini nilibaki pale chini, spana mkononi, nikihesabu asubuhi zote nilizomnunia mzee aliyekuwa anahofia wajukuu wake. Nikamwambia akanyage. Mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja. Alishuka akapapasa fimbo yake, nami nikasema wabeja, asante, nikiwa bado nimelala, bila magoti.

Jumatatu asubuhi niliwasha gari, watoto wakapanda. Kabla ya lango nilikanyaga breki, kwa nguvu, hakukuwa na kitu mbele. Gari likasimama pale pale, limenyooka. Nikatazama kwenye kioo cha ndani. Baba mkwe alikuwa ameketi mlangoni, kikombe cha uji mkononi, anakunywa. Hakuinuka.