Kiingereza cha Lamboni

Nilikuwa na miaka tisa mwaka mvua ilipogoma Shinyanga nzima na baba akafariki. Shida yangu ilianzia hapo. Ng'ombe wa baba walikwenda kwa baba mdogo Masanja, na mimi nikaenda pamoja nao. Nikaacha darasa la tatu, nikashika fimbo.

Rika langu wanazijua siku zile. Asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na maziwa mgando, miguu peku, mchana tunafinyanga ng'ombe wa udongo kando ya lambo huku ng'ombe wenyewe wakinywa. Shule yetu, upande wa Ibadakuli, ilikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, Mwalimu Sabina, binti wa Ushirombo, mwembamba, hana woga. Alipoona nafasi yangu iko wazi wiki nzima, alimfuata baba mdogo nyumbani.

"Shikamoo baba. Nimekuja kukuomba mtoto."

"Marahaba. Mtoto yuko na ng'ombe. Ukimchukua, utachunga wewe?"

"Nitachunga, baba."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Msomeshe hukohuko machungani. Siku ng'ombe akiingia shamba la mtu, masomo yamekwisha."

Nasema wazi, sijaona tena mwalimu wa namna ile. Kesho yake, jua la saa nane, alikuja lamboni na darasa zima nyuma yake. Somo lilikuwa maneno matatu yaliyotutesa, maana sisi tuliona yote ni kitu kimoja: see, look na watch.

"Mwalimu, na huyu ng'ombe yuko darasa la ngapi?" mmoja akauliza.

"Lako. Kaa chini."

Akatuambia tufumbe macho, tufumbue. "Kilichoingia machoni chenyewe, hukukitafuta, hiyo ni see." Akamnyooshea kidole ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. "Ukigeuza shingo kwa kupenda mwenyewe, hiyo ni look." Kisha akakaa vumbini na gauni lake safi. "Sasa kaeni naye. Akinyanyua mguu mjue. Akiutaka mtama wa watu mjue kabla yake. Hiyo ni watch."

Tukakaa, darasa zima, macho kwa ng'ombe mmoja. Wa kwanza kuinuka nilikuwa mimi, kwa sababu masikio yake yalishaelekea shambani. Nikamkata njia. Kumbe baba mdogo alikuwa nyuma ya kichuguu anangoja tukosee. Alisema tu, "Huyu mwalimu anachunga," akaenda zake. Hivyo ndivyo nilivyofika darasa la nne, na elimu yangu ikaishia hapo.

Ilitosha. Nilipokwenda machimboni Geita, mawe kila mtu aliyaona, na wachache waliyatazama. Mimi nilikaa nayo kutwa mpaka nikajua lipi limebeba dhahabu na lipi linang'aa bure.

Wajukuu zangu wanasoma shule ya basi na sare ya soksi ndefu. Tofauti ya maneno wanaiuliza simu, na jioni wanaiuliza tena. Juzi Neema alinieleza yale matatu kwa Kiingereza cha puani, safi kabisa, huku maziwa yakichemka na kumwagika jikoni mbele yake. Nikamwambia, mjukuu wangu, umefaulu mtihani, umefeli chai. Enzi zetu somo lilikuwa moja kwa siku, na ulikwenda nalo mpaka kaburini.

Leo nina nyumba ya matofali, karasha mbili za kusagia mawe, lori moja, shamba la mpunga na zizi la ng'ombe. Ng'ombe wanachungwa na kijana wa kidato cha nne. Mmoja si wangu, ni wa Mwalimu Sabina. Alipostaafu nilimpelekea mtamba mwekundu Ushirombo, akamrudisha, akasema macho yake yeye yamechoka, nikae naye mimi. Huyo simwachii kijana. Nachunga mwenyewe.